Vyuo vya Ualimu Morogoro: Kuunganishwa na Kutawanywa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, nao Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) wakashika Ukaguru. Kila dhehebu lilitaka walimu wake, maana aliyefundisha kusoma na kuandika siku za kazi ndiye mara nyingi aliyefundisha katekisimu. Ndiyo sababu nchi ilipopata uhuru ilirithi vyuo vingi vidogo vidogo, kila kimoja na wakufunzi wachache na wanachuo wa dhehebu moja.

Serikali mpya haikuweza kuendelea hivyo. Kuanzia miaka ya 1960 vyuo vidogo vilifungwa au kuunganishwa na vikubwa, na mpango wa kuwachukua waliomaliza darasa la nane na kuwafanya walimu wa Daraja C ukaanza kuachwa, ikitafutwa Daraja A ya waliomaliza kidato cha nne. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoziweka mikononi mwa serikali shule na vyuo vya mashirika ya dini vilivyokuwa vikipokea ruzuku. Wenyeji wa Morogoro hadi leo wakisema Kigurunyembe wanamaanisha chuo cha ualimu, ingawa kwenye barua za wizara kinaitwa Chuo cha Ualimu Morogoro.

Hesabu za kuunganisha vyuo zilikuwa sahihi: mkuu wa chuo mmoja, maktaba moja, stoo moja. Kilichosahaulika ni shule ya mazoezi. Ualimu haujifunzwi kwenye ukumbi wa mihadhara. Mwanachuo anasimama mbele ya darasa la tatu lenye watoto halisi, andalio la somo mezani, vizibo vya soda kwenye kopo kwa ajili ya kuhesabia, na mkufunzi ameketi dawati la nyuma akijaza fomu ya tathmini. Akipitiliza hatua ya kuimarisha maarifa ili awahi kengele, mkufunzi anaona, na jioni wanaijadili. Wanachuo wakiongezeka mara tatu na shule ya mazoezi ikabaki ileile, kila mmoja atasimama mbele ya watoto mara chache sana. Kwa maoni yangu hasara hii haikuwahi kuingizwa kwenye hesabu.

Mara ukaja mwendo wa kinyume. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilivuta karibu lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE) kutoka 1989 hadi 1977. Vyuo vyote vikijumlishwa visingetosha, kwa hiyo chuo kikapelekwa kijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanasoma sehemu ya siku na kufundisha sehemu nyingine, kwa masomo ya posta na ya redio, wakisimamiwa na walimu wa karibu, na mwishoni kabisa wakaja chuoni kwa wiki 6 tu kabla ya mtihani. Walioandikishwa walizidi 45,000, na waliofuzu wakawa takriban 35,000. Jina la "mwalimu wa UPE" likageuka kejeli, na kejeli hiyo naiona ya dhuluma. Yule kijana wa milimani Uluguru, aliyefundisha kila siku kwa miaka mitatu akiwa bado mwanafunzi, alisimama mbele ya watoto mara nyingi kuliko wengi waliolala bwenini Kigurunyembe. Alichokosa ni mtu wa kuketi dawati la nyuma.

Waliofuata hawakupata hata hiyo miaka mitatu. Shule za sekondari za kata zilipoibuka, serikali iliwachukua waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani wakaitwa "Vodafasta", kama vocha ya simu.

Wakati huohuo vyuo vikubwa vilipandishwa hadhi. Mwaka 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe, Dar es Salaam, kiligeuzwa DUCE, na shule ya Mkwawa, Iringa, ikawa MUCE, vyote chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha ualimu kilipomezwa namna hiyo, walimu wenye shahada waliongezeka, lakini nafasi za stashahada zilihitaji kutafutiwa kwingine. Mwaka 2016 tukaona tena kinyume chake: zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha wenye sifa wakagawanywa katika vyuo vya ualimu vya serikali.

Mkazi wa Mzinga, Morogoro, anayetaka mwanawe awe mwalimu leo ana njia nyingi bila kutoka mkoani: Kigurunyembe, Ilonga kule Kilosa, Mhonda, Dakawa, au shahada ya ualimu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) katika kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu. Mazimbu na Dakawa zilijengwa na wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, wakazikabidhi kwa Tanzania Julai 1992. Huko ndiko tutakakoanzia wiki ijayo, kwani Dakawa haikutoka kwa misheni wala wizara.