RICHARD BURTON: MTOTO WA MCHIMBA MAKAA

Katika wachezaji wa sinema waliotoka Uingereza, ni wachache waliojaliwa sauti kama ya Bwana Richard Burton, tena ni wachache waliojidhuru kwa pombe kama yeye.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba, 1925, katika kijiji cha Pontrhydyfen, Wales, akaitwa Richard Jenkins. Baba yake, mchimba makaa ya mawe, alikuwa mlevi. Naye Richard alikuwa wa 12 katika watoto 13. Kabla hajatimiza miaka miwili mama yake alifariki, ndipo dada yake Cecilia alipomchukua akamlea kama mwanawe.

Umaskini ulimtoa shuleni, akauza nguo dukani. Baadaye alirudishwa darasani, na mwalimu mmoja, Bwana Philip Burton, akatambua kipaji chake. Mwalimu huyo alimkaribisha nyumbani kwake, akamfundisha kusema Kiingereza safi, tena akampandisha milimani azoee kupaza sauti isikike mbali. Mwaka 1943 akawa mlezi wake kwa sheria, na kijana akalichukua jina lake. Mwaka uliofuata alisoma miezi sita katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Baada ya hayo sifa zilimjia. Mwaka 1953 alicheza Hamlet mjini London, na mwaka huo huo picha ya The Robe ikaonyeshwa. Katika Cleopatra, ya mwaka 1963, alicheza pamoja na Elizabeth Taylor. Walioana 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena nchini Botswana 1975, kisha wakaachana kabisa 1976. Mara saba alipendekezwa kupewa tuzo ya Oscar, asiipate hata moja.

Fedha alikuwa nazo tele, lakini pombe ilimtawala. Mwaka 1974, alipokuwa akicheza picha huko Marekani, ilibidi alazwe hospitali kwa sababu ya ulevi. Alijaribu kuacha, akarudia.

Alifariki Uswisi tarehe 5 Agosti, 1984, kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 58. Mwalimu wake, aliyemzidi kwa karibu miaka 21, aliishi hata mwaka 1995.

Kijana mwenye kipaji na akumbuke kwamba hakukikuza peke yake. Wako waliojinyima ili yeye asimame, na anapokiharibu, huharibu na jasho lao.