Vidonge vya zamani vya pumu: je, bado vinakufaa?

Kama una pumu, huenda umewahi kumeza aminofilini. Ni vidonge vya bei ndogo vilivyosaidia watu kwa miaka mingi. Labda unaondoka kambini kwenda kutafuta kazi Divisheni ya Industrial, jijini Mbale, na pakiti iko mfukoni. Kabla ya safari, fikiria upya.

Vinafanyaje kazi?
Aminofilini hutokana na teofilini, iliyogunduliwa katika majani ya chai na Mjerumani Albrecht Kossel mwaka 1888. Ni ndugu wa kafeini iliyo katika kahawa. Wanywaji wa kahawa ya Mlima Elgon wanajua: ukizidisha, moyo huenda mbio na usingizi hupotea. Vidonge hivi hufanya hivyo kwa nguvu zaidi.

Kuna ubaya gani?
Kwanza, kipimo kinachosaidia kiko karibu sana na kinachodhuru. Ukizidisha unaweza kutapika, moyo ukavurugika, hata ukapata degedege. Siprofloksasini na erithromisini huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo usinunue dawa nyingine dukani bila kusema unatumia aminofilini.

Pili, vidonge hupanua njia za hewa, lakini havitulizi vizuri uvimbe ulio ndani. Ni kama kufungua dirisha huku moto unaendelea kuwaka jikoni. Dawa za kuvuta kila siku, kama beklometasoni au budesonidi, hutuliza uvimbe huo. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA hauwashauri watu wazima kutegemea salbutamoli peke yake.

Ufanye nini?
- Usiache vidonge ghafla. Peleka dawa zako zote kituo cha afya, uulize kuhusu dawa ya kuvuta.
- Eleza kazi yako. Vumbi la nafaka, magunia au saruji linaweza kuamsha pumu.
- Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuvuta dawa kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini.
- Kama dawa ya kuvuta haipatikani, mhudumu anaweza kukuacha uendelee na vidonge, lakini kwa kipimo atakachokupa yeye.

Kumbuka: ukishindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, usimeze kidonge ukangoja. Nenda hospitali mara moja. Ukiwa Mbale, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mbale.