Dawa za Hospitali na Uchunguzi wa Maiti: Tusihukumu Haraka

Katika jamii zetu, mtu akifa ghafula, swali la kwanza matangani ni, "Nani amempa sumu?" Ripoti ya uchunguzi ikija na jina la dawa ngeni, basi maneno huwa mengi. Mke hushukiwa, muuguzi hulaumiwa, jirani hukimbia boma lake. Lakini tukumbuke kwamba mtu aliyetibiwa kabla ya kufa hubeba mwilini dawa za kumtibu pia.

Tuchukue mfano wa mtu aliyekunywa dawa ya kunyunyizia mimea. Akifika hospitalini hudungwa atropini ili moyo usipunguze mwendo na mapafu yasijae ute. Akitetemeka kwa degedege, hupewa diazepamu. Mkemia wa Serikali akipima damu atazikuta dawa hizo. Je, kuna aliyemuua kwa atropini? La, alikuwa akiokolewa.

Mfano wa pili ni pombe haramu yenye methanoli, ile iliyoua watu zaidi ya 100 Nairobi mwezi wa Novemba 2000, na wengine wengi Embu na kwingineko mwezi wa Mei 2014. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayopofusha macho na kuua. Ili kuizuia isigeuke, daktari anaweza kumpa mgonjwa pombe ya kawaida kwa kipimo maalum. (Jambo hili lisijaribiwe nyumbani kamwe!) Mgonjwa huyo akifa, pombe itaonekana katika damu yake, na asiyejua atasema marehemu alilewa hadi wodini.

Pia sumu yenyewe huweza kupungua. Tumbo likioshwa, mgonjwa akipewa makaa ya dawa, dripu, damu ya kuongezewa, au akisafishwa damu kwa mashine, sumu hutolewa au huzimuliwa. Akikaa siku tatu kitandani, ini na figo nazo huendelea kuiondoa. Kwa hivyo ripoti ikisema "hakuna sumu iliyopatikana," haina maana kwamba hakunywa sumu.

Sasa tufanye nini?

1. Tumpeleke mgonjwa pamoja na chupa au pakiti ya alichokunywa, na tumwambie daktari ukweli wote bila aibu.

2. Kifo kikiwa na shaka, tupige ripoti polisi mara moja. Tuombe damu iliyotolewa mgonjwa alipofika, kabla ya matibabu, ihifadhiwe. Hiyo ndiyo yenye habari nyingi, na maabara huitupa baada ya siku chache.

3. Tuhakikishe faili ya matibabu imemfikia daktari anayepasua maiti. Humo mna kila dawa, kipimo chake na saa iliyotolewa.

4. Tusikubali maiti idungwe dawa ya kuhifadhi kabla ya upasuaji. Formalini ya mochari mara nyingi huwa na methanoli ndani yake, na huvuruga vipimo.

5. Ripoti ikitoka, tumwombe daktari atueleze kila dawa iliyotajwa ilitoka wapi. Tufanye hivyo kabla ya kuitisha kikao cha ukoo.

Tukifuata hatua hizi, mwenye hatia hatapata pa kujificha, na mjane hatafukuzwa shambani kwa sababu ya sindano iliyodungwa na daktari.