Butiki na kijana wa mitandao: ukurasa wa Facebook ni wa nani?

Butembo ni mji wa biashara. Bitenge, viatu, betri za sola, vipuri vya pikipiki: vitu vingi vinapitia Kasindi, vinapangwa dukani, na siku hizi picha yake inafika kwenye simu ya mteja mbele ya mteja kufika dukani. Mwenye butiki mara nyingi hana wakati wa hiyo kazi. Anaita kijana, mwanafunzi ao mtu aliyemaliza masomo bila kupata kazi, mwenye simu nzuri na anayejua kutengeneza afisha. Kijana anaweka picha kwenye Facebook, TikTok na statusi ya WhatsApp, anajibu wenye kuuliza bei, na mwisho wa mwezi analipwa. Si mfanyakazi wa nyumba moja. Anaweza kushika butiki tatu ao nne kwa wakati mmoja.

Mapatano yanafanyika kwa mdomo, dakika tano tu, na hakuna mwenye kuandika kitu. Taabu inaonekana siku ya kuachana.

Jambo la kwanza ni ukurasa wenyewe. Mara nyingi kijana anaufungua kwenye konti yake mwenyewe ya Facebook, na namba yake ya simu, juu mama mwenye butiki amemwambia: "Wewe njo unajua, fanya tu." Miaka miwili inapita, watu elfu kadhaa wanafuata ukurasa, kisha wanagombana juu ya malipo ya mwezi mmoja. Kijana anaondoka na ukurasa. Hata kama hana roho mbaya, akipoteza simu ao konti yake ikivamiwa, butiki imepoteza wateja wake wote wa mtandaoni. Na kuna linalozidi hapo: mtu aliyeshika ukurasa anaweza kuendelea kujibu wateja kwa jina la butiki na kuwapa namba yake ya M-Pesa ao Airtel Money. Mteja anatuma avansi, kitu hakifiki, na anayefuatwa dukani kwa hasira ni mama mwenye butiki.

Dawa yake haina gharama. Mwenye butiki anafungua ukurasa kwa konti yake mwenyewe, hata kama kijana ndiye anayemuonyesha pa kubonyeza. Baadaye anampa kijana ruhusa ya kufanya kazi. Facebook inatenganisha mambo mawili: udhibiti kamili wa ukurasa, na ruhusa ya kazi fulani tu, kama kuweka picha, kujibu ujumbe ao kushughulikia matangazo. Mwenye udhibiti kamili anaweza kuwaondoa wengine wote, hata aliyemwingiza. Kwa hiyo huo unabaki kwa mwenye mali, na pengine kwa mtu mmoja wa familia kwa usalama. Kugawana neno la siri si njia nzuri. Kila mtu aingie kwa konti yake.

WhatsApp Business ni vivyo hivyo. Kadi ya SIM ya butiki iandikishwe kwa jina la mwenye butiki na namba ibaki kwenye simu yake. Kijana anafanya kazi kwenye kifaa kilichounganishwa. WhatsApp inakubali vifaa vinne vya namna hiyo, na mwenye simu kubwa anaweza kukitoa chochote saa yoyote. Aweke pia ile PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, asimpe mtu. Ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa SMS, hiyo hata mtoto wa dada asipewe.

Makuta ya kubusti si mshahara

Kubusti ni kulipa Facebook ili tangazo lionekane kwa watu wengi zaidi. Malipo mara nyingi yanataka kadi ya benki, na wenye butiki wengi hawana. Hivyo wanampa kijana dola mkononi, naye analipa kwa kadi yake. Hapo njo pesa mbili zinachanganyika, na mashaka yanazaliwa hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Ni heri mshahara uhesabiwe mbali na pesa ya matangazo mbali, hata kama zote zinatoka kwenye droo moja. Na usiridhike na picha ya skrini, kwa kuwa picha inatengenezwa. Kila tangazo linaonyesha kiasi kilichotumika, na sehemu ya malipo ina risiti. Mwenye butiki akiomba kuziona kwenye simu ya kijana, wakiwa wamekaa pamoja, hilo si kumtukana. Ni hesabu, kama ile ya mwuzaji wa dukani jioni.

Aangalie pia tangazo linaenda wapi. Butiki isiyotuma mizigo mbali haina faida ya kuonekana Kinshasa. Facebook inaruhusu kuchagua mji na eneo la kuuzunguka. Picha nyepesi na bei iliyoandikwa wazi vinafaa kuliko video ndefu, kwani wateja wengi wananunua mega kidogo kidogo. Ile desturi ya kuandika "bei njoo inbox" inachosha watu wote wawili: mteja anatumia mega kuuliza, kijana anajibu swali lile lile mara hamsini.

Halafu matokeo. Kijana atakuja na layiki. Layiki hailipi pango, na kuna wanaozinunua. Mfano wa hesabu: ikiwa mama analipa kijana dola 50 kwa mwezi na anaweka dola 20 za kubusti, jumla ni 70. Ikiwa kila kitenge kinamwachia faida ya dola 3, anahitaji kuuza bitenge 24 zaidi ya kawaida ili asiingie hasara. Atajua vipi? Kwa daftari na swali moja kwa kila mteja: "Ulitujulia wapi?" Baada ya miezi miwili daftari litasema kama kazi inafaa. Ndiyo maana ni vizuri kuanza na mwezi mmoja wa kujaribu, baada ya kuona kurasa ambazo kijana anazishika na kuwapigia simu wenyewe.

Lakini lawama si ya kijana peke yake, na hili wafanyabiashara hawapendi kulisikia. Wako wanaolipa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wako wanaotuma picha za giza saa ine ya usiku na kutaka afisha asubuhi, kisha wanaongeza "kitu kidogo tu" kila siku bila kuongeza franka. Wengine hawamwambii kuwa mzigo umeisha. Ujumbe wa aina hii ungemaliza ugomvi mwingi: "Mama, bitenge bya jana bingaliko?" "Apana mwanangu, biliisha, toa ile foto." Wakati mwingine wanamlazimisha kuweka picha za muuzaji wa China, mteja anafika, anakuta rangi nyingine, anarudi kwao.

Karatasi moja inatosha: picha ngapi kwa wiki, saa za kujibu wateja, nani ananunua mega, siku ya kulipa, picha ni za nani, na siku ngapi za kuarifiana mbele ya kuachana. Kuna mpaka wa kuangalia. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtambua mfanyakazi kwa kufanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwajiri, kwa malipo. Kijana anayeamriwa kufika dukani kila siku kwa saa maalum na kuomba ruhusa ya kutoka, anaweza kudai kuwa yeye ni mfanyakazi, pamoja na haki zake zote. Mtu wa nje anapewa kazi na tarehe. Saa anazipanga mwenyewe.

Jambo moja la hapa kwetu liandikwe pia: kijana akipanga matangazo ya wiki nzima yatoke yenyewe, awe na namna ya kuyasimamisha. Afisha ya "punguzo na furaha" ikitoka siku ya mji mfu, watu wakiwa katika kilio, hakuna busti itakayoifuta.

Siku ya mwisho wanakaa pamoja tena. Kijana analipwa kilichobaki, anarudisha picha na afisha zote, mwenye butiki anamtoa kwenye ukurasa na kwenye vifaa vya WhatsApp, anaondoa kadi yake kwenye malipo ya matangazo, na anabadilisha PIN.