Pesa za Kampeni (2): Mizani Isiyo na Mawe

Wiki iliyopita tulitazama wanaochanga. Leo tuwatafute wanaohesabu, kazi ambayo Katiba, katika Kifungu cha 88, imeikabidhi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC).

Tushukie wadi ya Mata, kule Taveta. Msimu wa kampeni ukiiva, bodaboda huwekewa mafuta ya msafara, akina mama hupata leso, vijana fulana, na harambee huota kama uyoga. Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013 inataka pesa za namna hiyo zipitie akaunti maalumu ya benki, tena mfadhili mmoja asizidishe asilimia 20 ya michango yote ya mgombea. Ukiisoma, utaipenda. Tatizo ni kwamba Bunge liliiahirisha hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ikatangaza viwango vya juu vya matumizi, shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, na wabunge wakazifuta kanuni zake kwa hoja kwamba hazikuwasilishwa kwao inavyotakiwa. Utaratibu ni utaratibu, sikatai. Ila waliokataa mizani ndio hao hao waliotakiwa kupanda juu yake. Uchaguzi wa 2022 ukapita bila kikomo cha matumizi.

Zipo pesa zinazohesabiwa: za Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao kisheria hutengewa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Sehemu kubwa hugawanywa kwa kufuata kura. Mgombea huru hapati hata senti. Na kaunti yetu ya Taita Taveta inalijua hilo vizuri, maana mwaka 2022 Andrew Mwadime alichukua ugavana bila chama. Nchi nzima mwenzake alikuwa Kawira Mwangaza wa Meru peke yake. Mwadime hakuvunja sheria yoyote kwa hilo. Lakini mpiga kura wa Mata akitaka kujua kampeni ilimgharimu nani kiasi gani, ya mgombea huru au ya chama, aende dirisha lipi?

Imebaki Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016: anayehonga mpiga kura anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 2, au kufungwa hadi miaka 6. Ni kali, lakini humngoja shahidi, na shahidi mwenyewe ndiye aliyejifunga ile leso.

Wiki ijayo tutavuka Ziwa Jipe kwa jirani zetu Watanzania, tuione Sheria yao ya Gharama za Uchaguzi ya 2010.