Mashine ya mtumbwi ikiibwa, nyumba nzima huyumba

Katika mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, mke wa mvuvi huijua sauti ya mashine ya mumewe. Asubuhi isiposikika, hofu ya kwanza ni dhoruba. Ya pili ni majambazi.

Majambazi wa ziwani hupenda mashine kwa sababu hufunguliwa haraka, hubebeka, na huweza kuvushwa mpaka. Ziwa Victoria ni la Tanzania, Kenya na Uganda, na majini hakuna uzio.

Wavuvi walioporwa huachwa wakielea gizani kwenye upepo na baridi. Wapo wanaofika nchi kavu bila jeraha, lakini baada ya hapo hushtuka usingizini, huwa wakali kwa watoto na huogopa maji. Huo si uoga wala kurogwa. Ni mshtuko wa akili na unatibika, hivyo mpeleke kituo cha afya mapema. Aliyejeruhiwa achukue pia fomu ya PF3 polisi.

Sheria inasemaje? Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini anayenunua mashine huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, naye anatenda kosa la jinai. Shemeji akikuletea mashine ya bei ya kutupa isiyo na risiti, na namba yake imekwanguliwa, hutaweza kumwambia hakimu kwamba hukushtuka.

Tatizo huja siku mashine inapokamatwa. Mahakama humtaka mwenye mali aeleze alama za pekee za mali yake. Kusema "ni ya bluu, farasi 15" hakutoshi, kwani mwaloni zipo nyingi za namna hiyo.

Hapo ndipo familia ina kazi ya kufanya. Leo hii, nakili namba iliyo kwenye kibao cha mashine, pale inapobana mtumbwi. Piga picha. Weka alama yako ya siri mahali pasipoonekana. Risiti na karatasi za usajili wa chombo zibaki nyumbani, si ndani ya mtumbwi, na mke ajue zilipo, kwa sababu mume akiwa ziwani au hospitali, yeye ndiye atakayekwenda polisi.

Mashine ikiibwa, ripoti polisi siku hiyo hiyo, chukua namba ya RB, kisha wajulishe viongozi wa BMU wa mwalo wako ili nao wapashe habari mialo jirani. Mtu akikutwa na mali muda mfupi baada ya kuibwa, hutakiwa kueleza ameipataje. Siku zikipita, kesi hudhoofika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mvuvi, daftari hilo ni ada ya shule na mlo wa watoto.