Kimo cha Gari la Doria

Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa Defender ni nini. Jina hilo la aina moja ya Land Rover limezoeleka hata likawa karibu sawa na kusema gari la polisi. Sehemu yake ya nyuma iko wazi, askari huketi juu ya mabenchi, na gari zima limeinuka kutoka ardhini kiasi cha kupita katika makorongo na madimbwi ambamo saluni ingekwama.

Huko Marekani mambo yalikuwa tofauti. Kwa miaka mingi gari la doria la nchi hiyo lilikuwa saluni pana na ya chini, na lililojulikana kuliko yote ni Ford Crown Victoria, lenye injini ya silinda nane. Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani St. Thomas, Kanada, mwezi Septemba 2011. Mahali pake pakachukuliwa kwa haraka na magari yaliyoinuka, hasa Ford Explorer na Chevrolet Tahoe yaliyoundwa mahsusi kwa ajili ya polisi.

Sababu za mabadiliko hayo ni rahisi kuzielewa. Askari wa doria wa siku hizi amevaa fulana nzito ya kuzuia risasi, na kiunoni amefunga mkanda uliojaa bastola, pingu, tochi na redio. Ndani ya gari mna kompyuta, bunduki, na wavu wa chuma unaomtenga mshitakiwa na dereva. Katika saluni vitu hivyo hubanana. Katika gari lililoinuka askari huingia na kutoka bila kujikunja, huona mbali kupita paa la gari lililo mbele yake, na kama injini inaendesha magurudumu yote manne, theluji na matope havimsumbui sana. Lakini kimo kina gharama yake, na gharama hiyo hudaiwa kwenye kona.

Mwanafunzi anaweza kuiona kwa kisanduku cha kiberiti na ubao. Kisanduku kilazwe juu ya ubao, na upande wa chini yake kigongomewe kijiti chembamba cha kukizuia kisiteleze. Ubao uinuliwe polepole upande mmoja. Kisanduku kilicholala kitavumilia mwinamo mkali sana kabla ya kupinduka. Kikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, kitaanguka mapema. Uzito haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali palipo kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa kitu unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, pamoja na upana wa kitako kinachokibeba kitu hicho.

Wahandisi wa magari hulipima jambo hilo kwa namba moja. Huchukua umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, wakaugawa kwa mbili, kisha wakagawa tena kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Namba ikiwa kubwa, gari limetulia. Kwa mujibu wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara kuu, saluni nyingi hupata kati ya 1.30 na 1.50, na magari yaliyoinuka hupata kati ya 1.00 na 1.30.

Hapa mwanafunzi makini atauliza swali. Msuguano kati ya tairi na lami kavu una kigezo cha karibu 0.8. Ikiwa namba ya gari ni 1.00, basi gari litateleza kabla halijafikia kupinduka. Hatari iko wapi? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika kile kijiti cha ubaoni. Magari mengi yanayopinduka hayapinduki juu ya lami. Huteleza kwanza, yakatoka nje ya barabara, kisha magurudumu yakajichimbia katika udongo laini au yakagonga ukingo. Magurudumu husimama ilhali kitovu cha uzito kingali kinaendelea na safari yake.

Wamarekani walijifunza hayo kwa msiba. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika Ford Explorer za wakati huo. Ngozi ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo mkali, dereva akashindwa kulimudu, na gari likabiringika. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kampuni mbili hizo zikalaumiana, hii ikilaumu gari na ile ikilaumu tairi.

Dawa kubwa iliyopatikana ni mtambo wa kudhibiti mwelekeo wa gari. Vipimo vyake hulinganisha upande ambao dereva amekata usukani na upande ambao gari linageukia kweli. Vikihitilafiana, mtambo hufunga breki ya gurudumu moja pekee, jambo ambalo hakuna mguu wa dereva unaoweza kulifanya, na gari hurudishwa katika njia yake kabla halijateleza. Marekani iliulazimisha mtambo huo kwa magari yote madogo ya mwaka wa 2012 na kuendelea. Explorer mpya ya polisi nayo iliundwa bila ile fremu nzito ya zamani iliyotengana na bodi.

Hata hivyo mtambo hauwezi kushusha kitovu cha uzito kilichopandishwa na mzigo, na mzigo wa gari la doria lililo wazi nyuma ni watu. Chukuliwe mfano wa gari la kilo 2,000, lenye mita 1.5 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kilicho mita 0.75 kutoka ardhini. Namba yake ni 1.00. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 50, hesabu inaonyesha kwamba lingeteleza likifika kilomita 71 kwa saa, na lingehitaji kilomita 80 ili lipinduke.

Sasa wapande askari wanane wa kilo 75 kila mmoja. Wakiketi kwenye mabenchi, vitovu vyao vya uzito vikiwa mita 1.4 kutoka ardhini, kitovu cha gari na watu wake hupanda hadi mita 0.90. Namba hushuka kuwa 0.83, na mwendo wa kupinduka huwa kilomita 73. Wakisimama, vitovu vyao hufika mita 1.8, na cha wote pamoja mita 0.99. Namba huwa 0.76 na mwendo huwa kilomita 69, yaani chini ya ule wa kuteleza. Gari hilo halihitaji tena udongo laini wala ukingo. Litapinduka juu ya lami kavu, na kwa kuwa springi hulegea na bodi huinamia nje ya kona, kwa kweli litapinduka mapema kidogo kuliko hesabu inavyosema.